Mwalimu Flavia na Makofi ya Treni

Ukiwa Bukene asubuhi ya siku ya shule, huna haja ya kuuliza shule iko wapi. Simama karibu na reli, nyamaza kidogo, utasikia makofi. Si yale makofi ya mkutano, watu wanapiga huku wanatazama simu. Haya yanaanza polepole kama mtu anayebisha hodi, pa, pa, pa, halafu yanashika kasi, miguu inaingia, sakafu inaunguruma, na mwisho kinatoka kilio kimoja kirefu, "Puuuuu!" Mbuzi wanaruka. Wageni wanaosubiri safari ya Mwanza wananyanyua mizigo yao wakidhani treni imefika. Wenyeji wanacheka na kuwaambia, "Keti mama, keti. Huyo ni Mwalimu Flavia."

Huyo ndiye nitakayekusimulia. Sogea tu, habari yenyewe inachekesha kuliko inavyoliza.

Flavia alizaliwa Lusu, upande huohuo wa Nzega, katika nyumba ya wakulima wa Kimoraviani ambako ugali haukukosekana ila sifa zilikuwa haba. Si kwamba baba yake alikuwa mkali. Alikuwa mzee mpole, anaimba besi kanisani, lakini kumsifu mtoto machoni pake aliona aibu kama kumwogesha mbele za watu. Siku ilipokuja habari kwamba Flavia amechaguliwa kwenda sekondari, mzee aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Eeh," akainuka akaenda kwenye ng'ombe. Flavia akaanza kulia.

Mama yake akamwuliza, "Unalia nini? Baba yako amefurahi mno."

"Umejuaje?"

"Hukuona? Ameenda machungani bila fimbo."

Kila akiisimulia habari hiyo watu hucheka, na yeye hucheka nao. Lakini tangu siku ile aliweka nia: akija kuwa mwalimu, hakuna mtoto atakayehitaji mkalimani ili ajue kwamba mwalimu wake amefurahi.

Ualimu aliusomea Tabora mjini. Mchana anajifunza kufundisha, jioni anaimba kwaya, na huko kote alikuwa anakusanya makofi kama wenzake walivyokusanya vitenge. Alijifunza makofi ya mvua, yanayoanza kwa kidole kimoja juu ya kiganja, kisha viwili, mpaka kiganja kizima, na mguu mmoja unapigwa chini kuwa radi. Alijifunza makofi ya kupasha moto, watoto wanasugua viganja kwanza, kisha wanamrushia mwenzao, naye anadaka na kuweka kifuani. Alijifunza makofi ya kilo, yanayopimwa kwanza mkononi kama nyama ya bucha. Alipopangiwa kazi Bukene na kuona maisha ya pale yanavyokwenda na reli, akabuni ya kwake mwenyewe, makubwa kuliko yote. Ndiyo hayo ya treni.

Nyumbani, Mungu naye ana utani wake. Mwanamke huyu mwenye sifa za kumwaga aliolewa na Evaristi, fundi baiskeli kutoka Ulyankulu, mtu wa watu, mchapakazi, ila kusifu hajui. Akila akanyamaza, chakula kimempendeza. Akisema "asante, mama," ujue kuna kitu kimezidi chumvi.

"Evaristi, nywele zangu umeziona?" Flavia anamwuliza akitoka kusukwa.

"Nimeziona."

"Sasa?"

"Zipo."

Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa amani kabisa, yeye Flavia akimalizia hamu yake ya kusifu darasani.

Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na darasa la tatu, darasa lililojaa mpaka mlangoni, lenye harufu ya chaki na ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo watoto huvitia mifukoni. Humo alikuwamo Dionis, kijana mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anayesoma kila kinachopita mbele yake, mpaka maandishi ya magunia ya mbolea. Na humo alikuwamo Advera.

Advera ni binti wa Emilian, mkulima wa mpunga ambaye majaruba yake yako nyuma tu ya shule. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, mchekeshaji, anaweza kumwiga kila mchuuzi wa pale stesheni. Ila kusoma kulimshinda. Ukimwonyesha herufi moja moja anazitaja vizuri. Ukizipanga zikawa neno refu, zilimtawanyikia kama kuku waliofunguliwa asubuhi.

Mwalimu Flavia akampangia dawa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Dionis anajua kusoma, wa nini kumpotezea muda? Akijibu, aambiwe "haya, kaa." Advera ndiye anayehitaji kutiwa moyo. Basi Advera akisema "ba," apigiwe mvua. Akisema "bata," hata kama bata mwenyewe kaonwa kwenye picha wala hakusomwa, apigiwe treni. Akifuta ubao, treni. Siku moja aliokota chaki iliyoanguka, na darasa zima likaenda "Puuuu!" mpaka vumbi likashuka kwenye dari.

Mwalimu aliona Advera anaanza kuketi nyuma. Aliona anainama akiitwa. Akajiambia, mtoto bado hajajiamini. Akaongeza treni.

Sasa, Jumamosi moja alasiri, Flavia anapepeta mchele uani na Evaristi anaziba pancha pembeni, akaingia Emilian. Amevaa shati la kanisani. Kwapani ana jogoo mwekundu, miguu imefungwa.

"Mwadila, mayu," akasalimu kwa lugha ya kwao, akimwita mama.

"Mwadila, Baba Advera. Karibu kiti. Na huyo mgeni mwingine?"

"Huyu ni wako, mwalimu. Nimekuja kushukuru." Akamweka jogoo chini kwa heshima zote. "Mtoto amemaliza."

"Amemaliza nini?"

"Kusoma."

Flavia akaacha ungo. "Baba Advera, sijakuelewa."

"Wewe usijishushe, mwalimu," Emilian akasema huku anatabasamu. "Mimi shamba langu liko hapo nyuma. Nasikia. Kila siku treni! Jioni namwuliza, Advera, leo treni ilikuwa ya nani? Ananijibu, yangu. Kesho yake, ya nani? Yangu. Nikaanza kuwaambia watu wa stesheni, mnaisikia hiyo? Hiyo ni ya kwangu. Nikasema moyoni, Emilian, safari hii umezaa."

"Baba Advera..."

"Ngoja nimalize, mwalimu. Juzi yeye mwenyewe kaniambia, baba, mimi nimeshajua vyote, ndiyo maana wananipigia sana kuliko wote. Jumatatu siendi, nitapanda dunguni niamie ndege. Nikaona ni kweli. Mpunga umetoa masuke, kweleakwelea wameshaingia, na mtoto keshamaliza. Wenzake wanahangaika mpaka la saba, wangu la tatu tu!" Akacheka kwa furaha mpaka machozi. "Mimi niliishia la pili, lakini mimi sikupigiwa hata kofi moja. Labda la shavuni."

Pampu ya Evaristi ikanyamaza.

Msomaji, fikiri ungekuwa wewe. Baba amekuja na shati la kanisani. Amekuja na jogoo. Na kama hutasema kitu, Jumatatu mtoto huyo anapanda kwenye lile dungu la kufukuzia ndege, na ukifika mwisho wa msimu wa mpunga atakuwa amezoea kuwa hasomi, wala hakuna atakayemtoa huko tena. Flavia alikunja mikono yake, akaikunjua.

"Baba Advera. Advera hajui kusoma."

Emilian akacheka tena, kidogo. "Hajui kusoma Kiingereza."

"Hata Kiswahili. Herufi anazijua. Maneno bado."

Jogoo akawika pale chini, bila adabu. Emilian alimtazama mwalimu, akamtazama Evaristi kama anayeomba shahidi wa pili. Evaristi akaangalia tairi.

"Sasa mwalimu," Emilian akauliza polepole, wala hakuwa na hasira, alitaka tu kujua, "mlikuwa mnampigia nini?"

Flavia akajibu, "Nilikuwa namtia moyo."

"Moyo anao, mayu. Moyo alitoka nao nyumbani. Kwako tulimleta apate kusoma."

Flavia akasema, "Jumatatu aje, nakuomba."

"Mimi sasa nataka aje kuliko wewe. Ila yule binti akikataa, amekataa. Mama yake ndivyo alivyo. Njoo kesho shambani umwambie mwenyewe." Akasimama, akajipangusa suruali. Alipoambiwa achukue jogoo wake alikataa katakata. "Jogoo akishaingia uani kwa mtu harudi nyumbani. Ataniona mimi sina msimamo."

Jioni ile Flavia alisonga ugali. Akamwandalia mume wake, akakaa kumtazama anavyokula.

"Evaristi, mimi ni mwalimu mzuri?"

Evaristi akatafuna, akameza, akapangusa mkono mmoja kwa mwingine. "Si kila siku unatoka hapa kabla sijaamka?"

"Hilo si jibu."

"Mwalimu mbaya angelala," akasema, akasogeza sahani. "Mboga imebaki?"

Jumapili baada ya ibada Flavia hakubadilisha hata kitenge. Alivua viatu, akapita juu ya kingo za majaruba mpaka kwenye dungu, jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, ambako Advera alikuwa amesimama na kombeo mkononi. Ndege walikuwa wanashuka kama wingu linaloanguka, wanatua kwenye masuke, wanaruka tena.

"Shikamoo, mwalimu," Advera akasema kutoka juu, bila kushuka.

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi yako, nisikusumbue."

Advera akatia bonge la udongo mkavu kwenye kombeo, akalizungusha, akaliachia. Likavuma hewani, likaanguka jaruba la pili, na ndege wachache wakaruka. Flavia, mikono yake ikiwa na mazoea kuliko akili, akapiga makofi. "Safi sana, Advera! Safi kabisa!"

Mtoto akageuka. "Mwalimu, nimekosa."

"Umekosa vipi? Si nimeona wameruka?"

"Hao wameruka wenyewe. Nilikuwa nalenga wale kule," akaonyesha wingu kubwa la ndege lililotulia upande mwingine kabisa, linakula kwa raha zake. "Umeona? Hata hujui nilikuwa nalenga wapi, unapiga makofi."

Flavia alishusha mikono. Akaketi kwenye ukingo wa jaruba na kitenge chake cha kanisani, matope na yote.

"Njoo ushuke unieleze," akasema. "Mimi leo ndiye mwanafunzi."

Advera akashuka, lakini alibaki amesimama, anakunja kamba ya kombeo kwenye kidole. "Mwalimu, hutakasirika?"

"Nikikasirika nirushie bonge."

Mtoto akacheka, na baada ya kucheka maneno yakatoka. "Treni ni ya wasiojua. Darasa zima tunajua hivyo. Anayejua unamwambia 'haya, kaa.' Anayejua nusu unampigia mvua. Asiyejua kabisa ndiye unampigia treni. Dionis anasema ukipigiwa treni nyingi sana unarudishwa darasa la kwanza. Wakikusikia unaniita, wananong'ona, 'jamani, treni inaingia.' Hata sijajibu, wameshaanza kupasha miguu."

"Wanakucheka?"

"Hawanicheki. Wananionea huruma." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu chungu. "Mimi sitaki. Nikiwa hapa juu, nikikosa nimekosa, ndege wanabaki. Nikipata, wanaondoka. Hakuna anayenidanganya."

Ndege walikuwa wanasherehekea mpunga wa Emilian muda wote huo. Flavia akaokota bonge, akamkabidhi mtoto. "Wale kule?"

"Wale kule."

Advera akazungusha, akaachia. Wingu zima likaruka, likageuka hewani, likaenda zake kwa jirani. Flavia alikuwa ameshika mikono yake miwili, mmoja umekamata mwingine kama askari na mhalifu wake.

"Ulisogeza mguu wa kushoto mbele safari hii," akasema. "Ile ya kwanza hukusogeza."

Advera akatazama mguu wake, akamtazama mwalimu. "Umeona?"

"Safari hii nilikuwa naangalia."

Mwishowe mtoto ndiye aliyetoa sharti. Atarudi, lakini asipigiwe makofi na mtu yeyote, wala mvua, wala kilo, wala treni, mpaka yeye mwenyewe aseme. "Nikisema 'sasa,' ndipo mpige. Nisiposema, msipige."

"Na nikijisahau?"

"Nitarudi kwa ndege."

"Tumekubaliana," akasema Flavia, wakapeana mikono yenye udongo. Emilian, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya kichuguu akijifanya anapalilia mahali pasipokuwa na magugu, akajitokeza. "Na ndege wataamiwa na nani?" Wote wawili wakamtazama. "Basi, nimeelewa," akasema, akaanza kutafuta madebe ya kufunga kwenye kamba.

Jumatatu Mwalimu Flavia alilitangazia darasa sheria mpya. Ilizuka kelele kama sokoni siku ya gulio.

Dionis akasimama. "Mwalimu, na mimi nina swali. Mimi mbona hujawahi kunipigia treni?"

"Kwa sababu wewe unajua, Dionis."

"Sasa kujua ni kosa?"

Darasa likacheka. Flavia alitaka kucheka pia, lakini akaona macho ya kijana yule hayacheki hata kidogo. Mtoto wa watu amekuwa akisoma magunia ya mbolea mwaka mzima akitafuta wa kumwona.

"Si kosa," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea hapo. Ijumaa ulisoma aya ile ya mwisho ukapumua penye nukta, kila nukta. Nilisikia, sikukwambia. Leo nakwambia."

Dionis akaketi taratibu, masikio yamemsimama. "Lakini mwalimu," akaongeza, kwa sababu Dionis hawezi kuacha neno la mwisho, "hata hivyo ile treni imepitwa na wakati. Treni ya umeme haisemi puuu. Nimeona kwenye simu ya kaka."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, na ngumu zaidi kwa Flavia. Kumbuka, mwanamke huyu makofi yalikuwa pumzi yake. Alianza kufundisha ameshika chaki mkono huu na kifutio mkono ule ili mikono isikutane. Neno "hongera" lilipomfika kinywani alilimeza, akatafuta badala yake kitu alichokiona kweli, na kukiona kweli kulimchosha, maana sasa ilimbidi aangalie. "Herufi za mstari wako hazijapanda mlima leo." "Umefuta mwenyewe kabla sijasema." "Hapana, hili si sawa, rudi pale kwenye koma." Watoto walishangaa mwanzoni. Baadaye wakaanza kumwuliza, "Mwalimu, na mimi umeniona nini?" wakamzunguka kama anagawa pipi.

Mwalimu mkuu, Mzee Zablon, alichungulia dirishani siku ya tatu. "Mwalimu Flavia, uko salama? Shule imepoa, nikadhani mmehama."

"Tuko salama, mkuu. Tunasoma."

"Aa," akasema, akaondoka akitikisa kichwa. Stesheni nako abiria walianza kuchelewa treni ya kweli, kwa kukosa wa kuwashtua.

Mchana, wenzake wakienda nyumbani, Advera alibaki darasani kidogo. Walikuwa na kitabu chembamba chenye kisa cha fisi aliyetaka kuoa, akaenda kunyolewa ili apendeze, na kinyozi aliyempata alikuwa nungunungu. Advera alikuwa anasoma kidole kikiburuta chini ya maneno.

"Fi-si... a-ka... akaka..."

"Hapana. Rudi."

"A-ka-ke-ti. Akaketi!"

"Ndiyo."

Hiyo tu. "Hapana" na "ndiyo," kama watu wawili wanaovusha mzigo mtoni. Siku nyingine mtoto alifunga kitabu kwa hasira, akasema fisi na aoe bila kunyolewa. Flavia hakumbembeleza. Alimwambia, "Neno hilo lilikushinda Jumanne likiwa zima. Leo limebaki na mkia tu." Advera akakifungua tena, akaung'ang'ania ule mkia.

Darasani, hamu ilikuwa inapanda. Kila Advera akisoma mstari, mikono yote ilikuwa hewani, viganja vimetazamana, macho kwake.

"Sasa?" ananong'ona Dionis.

"Bado."

Kesho yake amesoma mistari miwili bila kukwama. Watoto wamebana pumzi. "Sasa?"

"Bado. Ule wa pili niliuotea."

Watoto wakaanza kuwekeana dau la karanga, kubashiri Advera atasema "sasa" siku gani. Emilian naye, akipita dirishani na debe lake, aliuliza kwa ishara ya mikono, na binti akamtikisia kichwa kwa ukali hata baba akakimbia. Ajabu yenyewe ni kwamba hakuna tena aliyekumbuka kumwonea huruma. Walikuwa wanamsubiri. Watoto ambao wamekuwa wakipiga treni kwa kuokota chaki, sasa wanaililia treni moja na hawapewi.

Ikafika Ijumaa moja. Jua kali, mpunga wa Emilian umeshakomaa, nusu yake uko kwenye matumbo ya ndege na nusu iko salama. Advera alinyoosha mkono mwenyewe. Hakuitwa. Akaja mbele na kile kitabu chembamba, akasimama, akasogeza mguu wa kushoto mbele kidogo.

Akasoma. Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya pili ikanenepa. Fisi akatoka nyumbani. Fisi akamkuta kinyozi chini ya kivuli. Hapo neno likamkamata. "Nu... nungu..." Akasimama. Mstari wa mbele mtoto mmoja akaanza kumnong'oneza.

"Niache," Advera akasema bila kuinua macho. "Nungu... nungu. Nungunungu! Nungunungu akamwambia fisi, keti hapa, usitikisike, mimi nikigeuka naweza kukuchoma."

Darasa likaangua kicheko, si cha kumcheka yeye bali cha fisi, na Advera akasikia tofauti. Akaanza kumpa kila mnyama sauti yake, kama alivyowaiga wachuuzi wa stesheni. Nungunungu wake alikuwa na kiburi. Fisi wake alikuwa na njaa na haya kwa pamoja. Akakosea neno, akarudi mwenyewe, akalipanga, akaendelea kwa kasi kuliko mwanzo. Mwalimu Flavia alikuwa ameegemea ukuta, chaki imevunjika mkononi bila yeye kujua. Dirishani alikuwa amejaa Emilian, debe kwapani, mdomo wazi.

Akafika chini ya ukurasa. "Nungunungu alipomaliza upande mmoja wa kichwa, wakasikia ngoma za wakwe zinakuja."

Akanyamaza.

Darasa zima lilikuwa limeshainua mikono. Hakuna aliyekohoa. Hata Emilian huko nje alikuwa ameliweka debe chini na kutayarisha viganja, na Flavia akamwonya kwa kidole.

Dionis hakuweza kuvumilia. "Advera! Sasa?"

Advera aliinua macho, akawatazama kama watu waliomwamsha, mikono yote ile hewani, akawa hata hajui wanataka nini.

"Subirini kwanza," akasema, akilamba kidole. "Fisi kanyolewa upande mmoja tu."

Akafungua ukurasa wa pili.